Aliyebaki Nyumbani Akipeta Maharage

Kinamama, acheni kusinzia. Na ninyi wanaume mliojibanza mlangoni, sogeeni, hili linawahusu.

Palikuwa na dada wawili. Kaka yao alifariki, akaacha mjane na shamba la kahawa, na wale dada wakalitamani shamba. Siku moja mkubwa akamwambia mdogo, "Kesho namwita yule aje anywe togwa. Nitamtilia dawa ya wadudu. Wewe ukiulizwa, useme alikuwa mgonjwa siku nyingi. Sawa?"

Mdogo akajibu, "Sawa, dada."

Neno lake lilikuwa hilo tu. Kesho yake akakaa uani anapeta maharage, anajifariji: dawa sikununua, togwa sikukoroga, mikono yangu misafi. Mara mjane huyo anapita, kajifunga kitenge cha kutokea.

"Hujambo, wifi? Dada yako kaniita. Leo jua limetoka magharibi! Twende wote?"

Mdogo akainamia ungo. Angesema "usiende", mambo yangeishia pale pale. Alisema nini?

"Tangulia, wifi. Nina maharage."

Mnamsikia? Maharage!

Akapeta mpaka ungo ukawa safi, naye bado anapeta. Ghafla yowe likapigwa kwa dada yake. Ameshakufa, akajiambia. Lakini kutazama njiani, mjane anakuja mbio kwa miguu yake mwenyewe! Kumbe mkubwa, kwa tamaa yake, alisahau jambo ambalo hata mtoto analijua: mwenye nyumba huonja kwanza. Mjane alimrudishia kibuyu cha togwa kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Onja, wifi." Mkubwa akakipokea, lakini hakifiki mdomoni. Mjane akaelewa, akapiga yowe, majirani wakajaa.

Mdogo akashusha pumzi. "Mungu mkubwa! Hakufa mtu. Basi hakuna kesi."

Jua halijatua, askari wako uani.

"Mimi? Mimi nilikuwa hapa na maharage yangu!"

"Dada yako kasema mlipatana. Inuka."

Mahakamani hakimu hakupandisha hata sauti. "Angekufa, leo tungezungumza habari za kitanzi. Hajafa, lakini si kwa huruma yenu. Wewe mkubwa unafungwa kwa kujaribu kuua. Wewe mdogo unafungwa kwa kula njama, na njama ilitimia pale uliposema sawa."

Kifungo cha mkubwa kilikuwa kirefu zaidi. Cha mdogo kilipungua, ila aliingia na nywele nyeusi akatoka nazo nyeupe.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamshangaa nani? Sisi tunaokaa bombani kumpangia binti wa watu aachike, mmoja anatunga uongo, mwingine anaupeleka, waliobaki tunaitikia "sawa, sawa" huku tunajaza ndoo, sisi ni akina nani? Juzi jambo kama hilo limepangwa. Likashindikana, watu wakacheka, wakaja kuimba kwaya. Kushindikana ndiyo kutubu? Hakimu yule alihitaji shahidi. Mungu anamhitaji nani?

Na huyo binti yumo humu humu kanisani, na mumewe pembeni.

Msigeuke! Atakayegeuka ndiye aliyekuwepo.