Mpita Njia Aliyedhaniwa Kuwa Kadhi

Wamepokezana wasimulizi, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama zilizopita, kwenye nchi ya milima ya Yemen, aliishi mja mmoja aliyeitwa Wahbani bin Khidashi. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa moyo mwepesi, mwenye kucheka upesi na kusahau ubaya aliotendewa upesi zaidi. Mola alikuwa amemtia mapenzi ya milima na mabonde, hata akikaa sana chini ya dari moja hukosa raha, akawa kama ndege aliyefunikiwa tenga. Ikifika majira yake, hutupa begani ngozi ya kuswalia, akachukua kibuyu cha maji na blanketi moja la sufi, akaondoka. Hakukodi ngamia wala hakulipia malazi. Penye uwanda alilala chini ya nyota, na penye nyumba alibisha hodi kwa watu asiowajua.

Jirani zake wakimwambia, "Ewe Wahbani, huoni haya kula vya watu usiowajua?" Naye huwajibu, "Mimi husema hodi tu, karibu husema wao. Na aliyewatia huruma nyoyoni ni Yule yule aliyenitia njaa tumboni."

Lakini alikuwa na adabu ya ugeni. Alikula alichopewa wala hakuchagua. Akiona ukuta wa mwenyeji wake umebomoka, aliujenga. Akikuta kuni hazijapasuliwa, alizipasua kabla hajaambiwa. Wala hakuzivuka siku tatu ambazo sheria imempa mgeni. Kwa ajili hiyo, milango mingi aliyoiaga ilibaki ikimngojea.

Mwaka mmoja aliteremka katika bonde asilowahi kulifikia, bonde la matuta ya mtama na mizabibu iliyonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Alifika alasiri, mwili umejaa vumbi, midomo imepasuka kwa upepo wa baridi. Ajabu ni kwamba kabla hajabisha hodi popote, watu walimtokea kwa shangwe. Mkubwa wa kijiji, Mzee Shaddadi, akamshika mikono yote miwili akasema, "Ahlan wa sahlan, ya Kadhi! Tumekungoja mpaka macho yamechoka."

"Mzee wangu, umenifananisha," akasema Wahbani. "Mimi si kadhi. Mimi ni mpita njia, naomba pa kulaza ubavu tu."

Watu wakatazamana, wakacheka kwa furaha. Kwani walikuwa wameambiwa kwamba kadhi anayekuja kuamua shauri lao ni mtu mnyenyekevu, asiyependa kutukuzwa. Wakanong'onezana, "Ndiye huyu. Mwaona anavyojificha?" Wahbani akakanusha tena, nao wakazidi kumheshimu. Wakampa nguo safi, wakamwandalia mkate wa moto, samli na asali, na nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yake. Njaa ilikuwa imemshika na baridi imemwingia mifupani. Akajisemea moyoni, "Nimekwisha kusema kweli, wasiponisadiki, ni shauri lao." Akanyamaza, akala, akalala nyumbani kwa Mzee Shaddadi.

Kulipopambazuka, baada ya kuswali, alitoka kulitembelea bonde kama ilivyokuwa desturi yake. Akapita katikati ya matuta ya kijani, ndege wakilia na umande ukimlowesha miguu, akimsifu Mola wake kwa kila alichokiona. Mara akafika kwenye konde lililokauka kabisa, limezungukwa na mashamba yaliyostawi. Ndani yake palikuwa na mwanamke wa makamo aking'oa mabua makavu. Huyo alikuwa Lubaba binti Sulaimu, aliyerithi konde lile kwa baba yake.

Lubaba alipomwona hakumuuliza jina. "Karibu mgeni, kaa," alisema. "Uso wako ni wa mtu aliyetembea asubuhi bila kutia kitu kinywani." Akamkatia nusu ya mkate wake wa mtama na kumtilia maziwa ya mgando.

Wahbani akala, kisha akauliza, "Bibi, vipi konde lako limekauka, na majirani zako wana maji?"

"Maji yalikuwa yakipita hapa tangu enzi za marehemu baba yangu," akajibu. "Harmala, mwenye mashamba ya juu, ameuziba mfereji kwa mawe. Asema haukuwa wetu kamwe. Kijiji kizima kinajua ukweli, lakini nusu yao wanamfanyia kazi, na nusu iliyobaki wanatamani kumfanyia kazi. Sasa amekuja kadhi. Leo adhuhuri ataamua."

Wahbani akauweka mkate chini. "Bibi, huyo kadhi wanayemsema ni mimi, na mimi si kadhi." Akamweleza yote, tangu alivyopokewa mpaka alivyonyamaza.

Lubaba akamtazama. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Mungu na wewe."

"Basi nyamaza kama ulivyonyamaza jana. Keti pale msikitini, sema, 'Ufunguliwe mfereji,' kisha uende zako milimani. Hutakuwa umemdhulumu mtu. Maji ni yangu, Wallahi ni yangu! Na huyo kadhi wa kweli, nani ajuaye kama Harmala hajamtumia zawadi?"

Hapo ndipo ulipomfikia Wahbani mtihani ambao njaa na baridi za safari zote hazikupata kumletea. Laiti angeambiwa aseme uongo kwa faida yake mwenyewe, angecheka na kuondoka. Lakini aliombwa uongo kwa ajili ya haki, na aliyemwomba ni mtu aliyemkatia nusu ya riziki yake. Akapanda juu ya jabali moja, akakaa peke yake. Akawaza, "Nikitoa haki kwa cheo nisicho nacho, kesho atakuja mwingine hapo hapo atoe dhuluma kwa cheo hicho hicho. Na siku nitakapojulikana, wataufunga mfereji huu na kusema ulifunguliwa na laghai." Akasimama, akaswali rakaa mbili juu ya jabali, akateremka na moyo uliotulia.

Adhuhuri watu wakajaa uani mwa msikiti. Harmala ameketi upande mmoja na jamaa zake, Lubaba upande wa pili peke yake. Wahbani akasimama, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akasema:

"Enyi watu wa bonde hili. Jana niliwakanushia mliponipokea, na nilisema kweli. Kisha nikaona chakula kizuri, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa ni uongo. Mimi si kadhi. Nimekula heshima ya mtu mwingine, na ninaomba msamaha wenu."

Makelele yakapanda. Harmala akaruka akasema, "Mmesikia? Asubuhi alionekana kondeni kwa Lubaba akila mkate wake! Yeye ndiye aliyemleta huyu, ili atunyang'anye maji!" Lubaba akainuka, akajitanda ushungi wake, akaondoka.

Mzee Shaddadi aliona aibu kubwa. "Toka nyumbani kwangu," akamwambia Wahbani. "Toka katika bonde hili."

"Nyumbani kwako nitatoka, mzee wangu, ni haki yako," akajibu Wahbani kwa upole. "Lakini bondeni nitangoja mpaka kadhi afike, nitoe ushahidi juu ya nafsi yangu, asije mtu akabebeshwa kosa langu."

Akaenda kukaa chini ya mwamba, mahali njia ya kuingia bondeni inapovuka mto mkavu. Milango yote ilifungwa mbele yake. Waliopita walimtupia maneno, naye akiwajibu kwa salamu. Upepo ulivuma kutwa kucha, na blanketi lake halikutosha. Lakini hakujuta, wala ulimi wake haukuacha kumtaja Mola.

Siku iliyofuata Lubaba akaja na mkate uliofungwa kwa kitambaa. Akauweka juu ya jiwe pasipo kumtazama.

"Umeniangamiza," akasema.

"Najua, bibi. Nisamehe."

"Sijakusamehe. Lakini hasira yangu ni jambo jingine, na njaa ya mgeni ni jambo jingine. Kula."

Wahbani alikula machozi yakimdondoka, naye hakuwa mtu wa machozi.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha mbali, kwenye vilele, na ule mto uliokuwa mchanga mtupu ukashuka kwa kishindo. Wahbani, aliyeijua sauti hiyo tangu ujana wake, akakimbia kutazama njia. Akamwona mtu mzima juu ya nyumbu katikati ya mto, maji yakiwa yameshafika tumboni mwa mnyama, naye nyumbu amegoma kwa hofu. Wahbani akajitosa, akamshusha yule mzee, akambeba mgongoni, akipapasa kwa nyayo mawe imara yalipo, mpaka akamfikisha ukingoni. Nyumbu alipoona mzigo umemtoka, akawafuata.

Mzee yule alipopata pumzi akasema, "Mimi ni kadhi niliyeitwa kwa ajili ya watu wa bonde hili. Nawe u nani, ndugu yangu?"

Wahbani akacheka licha ya meno kugongana kwa baridi. "Mimi, ya Sheikh, ndiye niliyekula chakula chako." Akamsimulia kisa chote bila kujipamba.

Kadhi alipokaa barazani kwa hukumu, Harmala alitangulia kusema kwamba Lubaba alileta kadhi wa uongo. Kadhi akawageukia watu. "Mtu huyu asema aliwakanushia siku ile ile aliyofika. Nani alimsikia?"

Watu wakainamisha vichwa. Kisha Mzee Shaddadi akainuka polepole.

"Mimi nilimsikia," akasema. "Alikanusha akiwa bado na vumbi usoni, nikamcheka. Lubaba hana hatia yoyote katika jambo hili. Na maadamu nimesimama, ya Kadhi, nitasema na lililobaki. Mfereji ule tuliuchimba mimi na Sulaimu, baba yake Lubaba, kwa mikono yetu. Nimelinyamazia hilo kwa kumwogopa Harmala. Lakini huyu mgeni amekubali kulala kwenye upepo kwa sababu ya neno moja la kweli. Mimi mwenye nyumba na ukoo, naogopa nini?"

Aliposema hayo, mwingine akainuka akashuhudia, na mwingine, hata wale waliokuwa wakifanya kazi kwa Harmala. Kadhi akahukumu mfereji ufunguliwe, na mawe yaondolewe na aliyeyaweka. Harmala akayaondoa jioni ile ile mbele ya watu, na maji yakaingia kondeni. Lubaba alisimama ndani yake na miguu mitupu, akamwita Wahbani. "Ewe mgeni," akasema, "leo nimekusamehe."

Mzee Shaddadi alimsihi akae, akamwahidi chumba chenye dirisha la kuelekea milimani. Wahbani akamshukuru, akalala kwake usiku mmoja, akamkarabatia zizi la mbuzi, na kulipokucha akashika njia yake akiimba.

Enyi wapendwa, mgeni wa kweli hufika mikono mitupu, na mwenye nyumba hudhani ni yeye pekee anayetoa. Watu wa bonde lile walitoa mkate na asali, nao wakapewa ujasiri wa kusema walilolijua siku zote. Ewe Mola wetu, tujaalie milango iliyo wazi kwa wapita njia, na pale tunapokuwa wapita njia sisi wenyewe, tuingie kwa majina yetu ya kweli. Na sote katika dunia hii ni wapita njia.