Skrubu Nne za Darini

Mwiba haujitangazi. Huingia mguuni kimya kimya, nawe ukiutazama unacheka: hiki tu? Mwenye akili hukaa chini akautoa. Mwenye kiburi huvaa kiatu juu yake akaenda zake. Waliotutangulia waliona miguu mingi iliyovimba mpaka ikakataa viatu, ndipo wakasema mdharau mwiba mguu huota tende. Delbert Stroud alivaa kiatu.

Delbert na mkewe Nadine waliishi ndani ya trela. Walipostaafu waliuza nyumba yao ya Oklahoma, wakaifunga trela nyuma ya gari, na kwa miaka sita walikwenda walikotaka. Kisha Nadine akapatwa na ugonjwa wa neva, ugonjwa uliochukia joto kama paka anavyochukia maji. Hewa ikiwa baridi alitembea na mkongojo wake huku akimtania mumewe. Hewa ikichemka, miguu ililegea kama mshumaa uliosahauliwa juani. Na kiangazi hicho walikuwa wameegesha kwenye kambi ya matrela, pwani ya Texas, ambako mwezi wa Julai shati hulowa kabla hujamaliza kufunga vifungo.

Trela ilikuwa na kiyoyozi juu ya paa, na kitufe chake kilikuwa darini. Nadine alikuwa mfupi hata kabla ya kuugua. Sasa kulifikia dari kwake kulikuwa sawa na kuufikia mwezi. Kwa hiyo Delbert hakuthubutu kumwacha peke yake mchana, hata kwenda kuvua samaki. Binti yao Sherri, aliyekaa Tulsa, alipiga simu kila Jumapili na wimbo ule ule.

"Baba, mlete Mama kwangu. Mtu gani anaishi kwenye sanduku la bati ambalo hawezi hata kuliwashia baridi?"

"Siendi kokote," Nadine alidakia. "Sijafikia kuwekwa chumba cha wageni kama cherehani mbovu."

"Nipe wiki moja," Delbert akasema. "Namfungia kidhibiti joto ukutani, kando ya kiti chake. Atabonyeza kwa kidole tu, mashine inajiwasha na kujizima yenyewe."

"Na ikishindwa?"

"Ikishindwa, njoo umchukue."

Nadine alimtupia jicho kali, maana aliyewekwa rehani ni yeye.

Kifurushi kilifika Alhamisi. Kambi ile ilikuwa na desturi yake: mwanamume akipanda ngazi, wenzake hubeba viti vya kukunja na makopo ya bia, wakaja kutazama kama watu waendao mpirani. Wakajipanga chini ya turubai, mlango wa trela ukiwa wazi.

"Delbert, umezima umeme, au tumwite mchungaji kabisa?" mmoja akapaza sauti.

"Nimezima. Na wewe zima mdomo."

Alifungua skrubu nne, akashusha kifuniko cha darini, akang'oa kitufe cha zamani na kupachika kisanduku kipya. Akapitisha nyaya nyembamba ndani ya kabati la nguo, akakifunga kidhibiti ukutani kwa kimo cha mwanamke aliyeketi. Kazi ilikuwa safi. Hata mwenye wivu angekiri. Kilibaki kitu kimoja, kawaya kembamba kenye kichwa kama punje ya mchele. Karatasi ya maelekezo ilikataja, lakini Delbert alisoma maelekezo kama alivyosikiliza mahubiri: mwanzo na mwisho. Alichomeka mkia wa kawaya kwenye kisanduku, kichwa akakiacha kinaning'inia, akafunga skrubu zake nne. Umeme ukarudishwa, Nadine akabonyeza, baridi ikashuka. Makopo yakainuliwa juu.

Opal Hatcher, jirani mjane aliyetengeneza mafriji na marehemu mumewe kwa miaka thelathini, akainuka kutazama.

"Hongera, Delbert. Kale kawaya ka kichwa umekachomeka kwenye mapezi ya koili, yale mabati membamba yanayopoza hewa?"

"Kako humo humo ndani."

"Humo ndani wapi? Kakining'inia ni sawa na mlinzi aliyelala. Kazi yake kusikia koili ikianza kuganda, mashine izime kabla barafu haijaziba. Na hewa ya huku ni supu, bwana. Fungua tena, skrubu nne tu."

"Haya, Delbert! Mwalimu amekurudisha darasani!" mtu akapiga kelele, viti vyote vikacheka.

Masikio ya Delbert yakawa mekundu. Opal angemnong'oneza kando, huenda angefungua. Lakini mbele ya viti saba na bia saba?

"Opal, friji zako zilikuwa za zama za babu. Kawaya ka urefu wa kidole katanisumbua nini mimi?"

"Wewe hakatakusumbua," Opal alijibu, akikunja kiti chake. "Wewe una miguu."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya asali. Nadine alibonyeza kidude chake huku akijiita rubani, na Jumapili Sherri aliongea habari za hali ya hewa tu. Kisha mvua ikanyesha siku mbili, unyevu ukatanda kama shuka mbichi. Ijumaa, tone la maji likamdondokea Nadine puani.

"Delbert, dari linalia. Na upepo wake umepungua."

"Umande huo. Hata kopo la bia hutoka jasho."

"Opal alisema..."

"Opal, Opal! Si ungeolewa na Opal?"

Akalifuta dari kwa kitambaa. Skrubu nne zilikuwa mbele ya pua yake.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kuvua samaki. Tangu Nadine augue, Delbert alikuwa akisikia mashindano ya namna hiyo kwa mbali tu.

"Nenda," Nadine akamwambia. "Ila usiniletee samaki wa dukani kama ile mara."

Saa nne jua lilianza kulikaanga bati. Nadine akasikia joto, akabonyeza kuomba baridi zaidi. Feni ilivuma, baridi haikuja. Akabonyeza tena. Kumbe kadiri alivyoiomba baridi, ndivyo barafu ilivyozidi kunenepa kule juu na kuiziba. Alikiamini kidude cha mumewe, akakingoja kitii. Alipokumbuka simu, ilikuwa mezani, hatua mbili tu, na miguu haikuwa yake tena.

Saa saba Opal alibisha hodi akiwa na bakuli la saladi ya viazi. Alimkuta sakafuni, mkono umenyooka kuelekea mezani.

Delbert alirudi saa kumi akipiga mluzi, samaki watatu mkononi. Opal alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa trela ya Delbert.

"Yuko hospitali. Yu hai. Sherri yuko njiani," akasema. "Lakini ingia kwanza, utazame."

Opal alikuwa ameshusha kifuniko, mashine ingali ikivuma. Mahali pa koili palikuwa na barafu nyeupe, nene kama mkate, ikidondoka ndani ya beseni. Chini yake trela ilikuwa tanuri. Delbert aliigusa barafu ile, akauondoa mkono kama aliyeungua.

Hospitalini alimkuta Nadine amejilaza, na Sherri, aliyewahi ndege, amesimama kama polisi mlangoni. Daktari alikuwa ameshasema: pumzi itatengemaa, miguu haitarudi.

"Nadine, mimi nilidhani..."

"Skrubu nne, Delbert," Nadine akasema taratibu. "Miaka arobaini na moja nimekuvumilia, na hukuweza kunivumilia skrubu nne."

Akageukia ukuta. Mwanamke yule aliyekuwa na utani hata kwenye msiba hakuwa na utani tena.

"Ulisema ikishindwa nije," Sherri akamwambia baba yake. "Nimekuja. Nyumba yangu ina chumba kimoja cha wageni, Baba, na kitanda kimoja."

Waliondoka Jumatano. Siku hiyo Delbert alipanda ngazi, na hakuna aliyebeba kiti kuja kutazama. Alikichomeka kile kichwa cha mchele kwenye mapezi ya koili. Kazi yote, kufungua na kufunga, haikuchukua hata dakika kumi.

Sasa kiyoyozi hakigandi. Trela ni baridi usiku na mchana, baridi ya kumtosha mgonjwa yeyote. Ila kidhibiti kile kiko kwa kimo cha mwanamke aliyeketi, na Delbert ni mrefu. Kila akitaka kukisoma, sharti apige magoti kando ya kiti kitupu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mara nyingine tende huota mguuni mwa mwenzake.