Godoro Lililoguna

Sogeeni, nifungue kinywa. Fungua, nasi tufungue masikio!

Palikuwa na Shekuwe, mwanamume aliyepotewa na usingizi tangu mama yake alipokuja kumtembelea. Akamwendea zimwi mshona magodoro.

"Bibi Zimwi, nitafutie godoro laini."

Zimwi akamlaza juu ya godoro la pamba, likaguna, "Aa, mgongo wangu!" Akamlaza juu ya godoro la manyoya, likaguna vilevile. Akamlaza juu ya godoro la sufi, laini kuliko yote. Likalia kwa sauti ya kizee, na Shekuwe akaitambua.

"Si mama yako huyo?" zimwi akauliza. "Umemlaza wapi?"

Shekuwe akainamisha uso. "Jikoni, mkekani."

"Ala! Mgeni, tena mzazi? Hata sisi tulao watu humpisha mgeni kitanda!"

Wanunuzi waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Shekuwe akalibeba godoro la sufi kichwani, mchana kweupe, akamtandikia mama yake kitandani.

Mama akalipapasa, akatabasamu. "Lala wewe, baba. Nilikuja kukuona tu. Nimeshafunga mzigo wangu."

Akajitwika mzigo, akatoka. Ngano imeishia mlangoni hapo, na Shekuwe hajainua uso.