Wakimbiaji wa Mwisho Wanne

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na vyuo vyao, na kila chuo kilikuwa na timu ya mbio za kijiti. Mnazijua mbio hizo. Wa kwanza hubeba kijiti robo ya uwanja, akampa wa pili. Wa pili humpa wa tatu. Wa tatu humpa wa mwisho, na huyo ndiye hukata utepe huku uwanja mzima ukimshangilia. Wanyama walikibeba kijiti mdomoni, kwa kuwa miguu yote ilikuwa kazini.

Siku hizo mkimbiaji hakulipwa chochote. Alipigiwa makofi, akaenda kulala. Ndipo Baraza la Wanyama lilipokaa, likatafakari, likatamka: "Viingilio vya uwanjani wanavila wakuu wa vyuo, na mwenye miguu analala na njaa. Kuanzia sasa mkimbiaji alipwe, na akitaka kuhama chuo, ahame."

Lilikuwa neno la haki, wala sitalibeza. Lakini sheria mpya ikiingia mjini, mwenye ghala kubwa huwa ndiye wa kwanza kuipokea mlangoni.

Mwenye ghala kubwa kuliko wote alikuwa Kiboko, mkuu wa Chuo cha Bondeni. Mashamba yake yalifuata mto tangu kuchomoza kwa jua hadi kuzama kwake. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho kilimkosesha usingizi: chemchemi ya Majabalini.

Chemchemi hiyo ilitoka chini ya mwamba, maji baridi, safi kama kioo. Mlinzi wake alikuwa chuo kilichoshinda mbio za mwaka. Kwa miaka mingi kilishinda Chuo cha Majabalini, kijichuo kidogo cha mawe matupu, ambacho mkuu wake alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa kimo cha sungura, hana mkia, na macho yake hayatulii. Yeye aliwaruhusu wanyama wote kunywa, kwa foleni, wadogo wakitangulia.

"Nikishinda mimi," Kiboko alizoea kutamba, "nitaingia humo na mwili wangu mzima. Chubwi! Nitalala humo hadi mvua zirudi."

Kila mtu alijua maana yake. Kiboko akilala katika chemchemi, jioni yake ni tope. Na ule ulikuwa mwaka wa ukame.

Asubuhi moja Kiboko alipanda Majabalini, tii, tii, tii, nyuma yake punda wamebeba vikapu.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mzee Kiboko," alijibu Pimbi. "Ila tafadhali usikalie jiwe hilo. Ni paa la jiko letu."

"Nani kazima jua?" mke wa Pimbi alipiga kelele kutoka chini.

"Ni mgeni, Mama Watoto!"

"Basi mwambie ainuke, ugali unaingia mchanga!"

Kiboko aliinuka kwa kishindo. "Nimekuja kumsajili Swala. Vikapu hivi ni vyake, na vingine kila mwezi."

Swala, aliyekuwa mkimbiaji wa mwisho wa Majabalini na mwenye mbio kuliko wote pale, alisogea akiwa ameinamisha pembe. "Mwalimu," alimwambia Pimbi, "mama yangu amevunjika mguu. Hawezi kutafuta malisho. Na makofi hayapikwi."

Pimbi akasema, "Miguu ni yako, mwanangu, na mama ni wako. Nenda."

"Ahsante, Mwalimu. Lakini Mzee Kiboko, mimi hukimbia wa mwisho. Sijawahi kukimbia nafasi nyingine."

"Hewala!" alisema Kiboko kabla Swala hajafunga mdomo. "Utakimbia wa mwisho. Neno langu ni neno!"

Wakaondoka. Mke wa Pimbi alitoka jikoni akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Baba Watoto, umemwachia hivi hivi? Hawa watoto watakunywa tope?"

"Umemsikia alivyojibu?" Pimbi aliuliza.

"Nimemsikia. Amesema hewala."

"Hakufikiri hata kwa muda wa kupepesa jicho. Mtu anayeahidi bila kuhesabu, Mama Watoto, ataahidi tena." Akavaa kofia yake ya safari, akashuka bondeni.

Alimkuta Kiboko amejilaza mtoni, amebakiza pua na masikio.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kutafuta kazi. Wenzake Swala watatu walikwisha kufuata ujira kwingine kabla yake. Mwalimu asiye na timu hugeuka wakala. Nikuulize, Mzee: mkimbiaji mwenye mbio zaidi huwekwa nafasi ipi?"

"Ya mwisho. Hata mtoto anajua."

"Na kila chuo kina wa mwisho wake?"

"Naam."

"Basi ukiwasajili wa mwisho wa vyuo vingine, si utakuwa umezikusanya mbio zote za nchi hii?"

Kiboko alitoka majini, maji yakamwagika, shwaa! "Pimbi! Hesabu hiyo naielewa! Na ujira wako wewe ni nini?"

"Mdogo tu. Wakija wapya, wale wako wa zamani hutawahitaji. Nipe hao."

"Ngiri, Kanga na Kongoni? Ho! ho! ho! Wale wa kawaida? Wachukue, na ufagio nikupe wa kufagilia nyayo zao!"

Ngiri, Kanga na Kongoni walikuwa wamekimbia pamoja tangu utotoni. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mbio za kutisha. Lakini kijiti kilipotoka kwa huyu kwenda kwa yule, hukuona kilipopita. Walifungiwa mlango bila kwaheri, wakamfuata Pimbi huku wamejiinamia.

Pimbi akaenda kwa Duma, akaenda kwa Mbuni, akaenda kwa Pundamilia. Kila mmoja alikuwa mkimbiaji wa mwisho wa chuo chake, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale, yasiyo na uongo hata chembe:

"Bondeni kuna ujira mnono, dai haki yako yote. Ila dai na heshima yako pia. Wewe ni mkimbiaji wa mwisho. Usikubali kuwekwa pengine."

"Mimi niwekwe pengine?" alifoka Duma. "Thubutu!"

"Nani mwingine atakata utepe kwa shingo kama hii?" aliuliza Mbuni.

Wakaenda Bondeni, mmoja leo, mwingine kesho. Kila aliyefika alidai nafasi ya mwisho, na kila aliyedai alijibiwa, "Hewala! Neno langu ni neno!" Kwa maana ahadi, tofauti na mahindi, haipunguzi ghala.

Hesabuni nanyi, wanangu. Duma, Mbuni, Pundamilia na Swala. Wa mwisho wangapi? Na wa kwanza wako wangapi?

Vyuo vilivyopokonywa nyota zao vilijitoa mashindanoni. Zikabaki timu mbili. Siku ya mbio wanyama walijaa uwanjani, wengine wamebeba vibuyu vitupu, maana walijua kwamba yawezekana siku hiyo ndiyo ya mwisho ya maji safi.

Mwamuzi alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na maneno mafupi. "Kijiti kipite midomo minne," alitangaza. "Pungufu ya hapo, hakuna ushindi. Shikeni nafasi zenu!"

Timu ya Majabalini ilijipanga: Ngiri mwanzoni, Kanga wa pili, Kongoni wa tatu. Na wa mwisho? Wa mwisho alikuwa Pimbi mwenyewe, na vile viguu vyake vifupi.

"Ho! ho! ho!" Kiboko alicheka hadi machozi yakamtoka. "Hata akianza leo atafika keshokutwa!"

Kisha akageuka kuitazama timu yake. Kicheko kikakatika.

Duma alikuwa amesimama kituo cha mwisho. Mbuni alikuwa kituo cha mwisho. Pundamilia, kituo cha mwisho. Swala naye, kwa unyonge, kituo cha mwisho.

"Nyie! Mnabanana nini hapo?"

"Hii ni nafasi yangu," alisema Duma.

"Yako tangu lini?" alisema Mbuni. "Mzee kanipa mimi."

"Mzee alinipa mimi, akaongeza, 'Neno langu ni neno,'" alisema Pundamilia.

"Hata kwangu aliongeza," alisema Swala.

Piiiii! Korongo akapuliza kipenga. Ngiri akachomoka, mkia juu kama mlingoti, tifu tifu tifu!

"Duma!" Kiboko alilia. "Anza wewe, baba! Vikapu viwili zaidi!"

"Vinne."

"Vinne, hewala! Kimbia!"

Mbuni alisikia. "Kama anayeanza anapewa vinne, anayefuata anapewa vingapi?"

"Vinne! Wote vinne! Nendeni vituoni, nawasihi!"

Walisogea wakinung'unika, wakavutana njiani juu ya nani aende kipi. Ngiri alikwisha kumpa Kanga kijiti, na Kanga alikwisha kuanza kuchapua miguu, ndipo Duma alipokiuma kijiti chake, akaondoka.

Vuuuu! Lo! Wanangu, hizo ndizo mbio! Vumbi lilisimama kama ukuta. Wenye vibuyu walivikumbatia. Mke wa Pimbi alifumba macho. Duma alifika kituo cha pili, ambako Mbuni alikuwa amenyoosha shingo na kufungua mdomo.

Duma akampita.

"Kijiti!" Mbuni alipiga ukelele. "Nipe kijiti!"

Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha Duma kutoa kijiti. Tangu utoto wake yeye alipewa tu, na akipewa, hukimbia nacho hadi kwenye utepe na kukiinua mbele ya watu. Meno yake yalijua kushika, hayakujua kuachia.

Alimpita Kanga. Alimpita hata Kongoni, ambaye alikuwa bado anangoja kupewa. Kisha, kati ya kituo cha tatu na cha mwisho, zile mbio zilianza kuyeyuka. Duma ni wa mwendo mkali wa kitambo kifupi. Mwanga wa radi haupiki chakula. Alipepesuka, akakaa chini, puu! "Hah! Hah! Hah!"

Mbuni alimfikia, akauma ncha moja ya kijiti. Pundamilia akaja mbio kutoka kituo cha tatu, alikopitwa naye pia, naye akashika katikati.

"Wachia!"

"Wachia wewe!"

"Vikapu vinne ni vyangu!"

Kra! Kijiti kikavunjika vipande vitatu.

Wakati huo Kanga alikuwa amempa Kongoni, hukuona kilipopita. Kongoni akawazunguka wale watatu kwa adabu, akampa Pimbi, hukuona kilipopita. Naye Pimbi akaanza: tipi, tipi, tipi, tipi. Alikwenda polepole mno hata kobe mmoja aliyekuwa mtazamaji alimwambia, "Pole, ndugu." Hakuna aliyemfuata. Tipi, tipi, hadi utepe ukamgusa paji la uso.

Mke wa Pimbi alifumbua macho. "Amefika?"

"Amefika!"

Akaketi chini palepale, akashusha pumzi ndefu ambayo, nadhani, alikuwa ameizuia tangu asubuhi ile ya mchanga katika ugali.

Viingilio vya siku hiyo Pimbi alivigawa sawa kwa sawa, kila mkimbiaji fungu lake, bila kungoja kuombwa. Swala alikuja akiwa ameinamisha pembe.

"Mwalimu, je, naweza kurudi?"

"Sheria inasema ukitaka kuhama, hama. Haikusema upande mmoja tu. Mama anaendeleaje?"

"Ameanza kusimama."

"Alhamdulillahi. Mpelekee maji kwanza. Mengine baadaye."

Jioni hiyo foleni ya chemchemi ilifika hadi bondeni, wadogo mbele, vibuyu vikigongana kwa furaha. Nyuma kabisa, nyuma hata ya tembo, alisimama Kiboko na ndoo.

"Mzee," Pimbi alimwambia kwa upole, "leo umekuwa wa mwisho. Utakubali kungoja hapo?"

Kiboko alitazama foleni, akaiweka ndoo yake chini.

"Hewala," alisema. Na foleni nzima ikamalizia kwa sauti moja: "Neno langu ni neno!"

Akanywa maji safi kama wengine, na wote wakalala salama.

Basi shikeni hili, wanangu: timu haishindi kwa anayejua kupokea peke yake, hushinda kwa anayejua kuachia.