Karatasi za Somoe Zisizo na Majibu

Ukiianza hii, ifikishe mwisho ndipo umrushie mwenzako anayehangaikia mtihani. Katikati inaudhi kidogo.

Somoe Nandonde alikuwa mpima ubora kwenye ghala la wakulima wa korosho, huko Masasi. Kazi yake ilikuwa kuchota korosho chache kutoka kila gunia, kuzipasua kwa kisu, na kusema kama mzigo ni mzima au umeharibika. Ganda zuri halikumbabaisha.

Mwaka huo chama chao cha ushirika kikatangaza kumsomesha mtumishi mmoja shahada ya uzamili ya biashara. Sharti ashinde mtihani wa kuingia chuoni, na asiwe amezidi miaka thelathini na tano. Somoe alikuwa na thelathini na tano kamili. Akikosa safari hii, basi tena.

Waliojitokeza walikuwa wawili, yeye na karani wa ghala, Edmundi Lihame. Kitabu cha kujiandaa kilikuwa kimoja tu, nacho ni cha Edmundi, alichokinunua kwa muuza mitumba. Intaneti ya pale ghalani ilikuwa ya kubembeleza. Somoe akaenda kwa adabu kuomba atoe fotokopi.

"Toa ya maswali, dada Somoe," Edmundi akamwambia. "Majibu hayaazimwi."

Roho ilimuuma. Mtu yule alikuwa mchoyo, sina sababu ya kumpamba. Lakini heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Somoe akachukua maswali yake akaondoka.

Kila mapumziko ya mchana aliketi juu ya magunia akayafanyia maswali kama alivyozifanyia korosho. Kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Hakuliamini hata moja kwa kulitazama. Aliandika kwa nini matatu ni mabovu, kisha kwa nini moja ni zima.

Swali moja la hesabu lilimtesa siku sita, hadi wapagazi wakawa wanamsalimia kwa kumuuliza kama limekubali. Siku ya saba likakubali. Somoe akapiga kigelegele peke yake, na wapagazi wakaitikia bila kujua hesabu yenyewe inahusu nini.

Edmundi alimcheka. Yeye alishamaliza maswali mia tatu: anasoma swali, anafunua nyuma, anakariri jibu. Hesabu yake ikigombana na kitabu, anafuta ya kwake.

Matokeo yakatoka. Somoe alikuwa wa kwanza kati ya watahiniwa wote wa kituo chao. Edmundi alianguka vibaya. Wapagazi wakambeba Somoe juu juu mpaka kwenye mzani wa magunia, wakampima, wakamtangaza daraja la kwanza. Alilia kwa furaha, wala hakuona aibu.

Jumatatu yake Edmundi akaja na kitabu mkononi, kichwa chini. Alitaka kujaribu tena mwakani kwa gharama zake, akaomba aelekezwe. Somoe angeweza kumrudishia maneno yake mwenyewe. Hakufanya hivyo. Wakaketi, wakaziweka karatasi za Somoe kando ya majibu ya kitabu.

Swali la kwanza halikulingana. La pili vilevile. La nane, kitabu kilisema jibu ni E, na swali lenyewe liliishia D. Edmundi alikuwa ameikariri hiyo E bila kuuliza. Somoe akakikagua kitabu vizuri. Muuza mitumba alikuwa ameshona maswali ya kitabu kimoja na majibu ya kitabu kingine.

Edmundi akakifunga kitabu. "Kumbe ningekupa, tungeanguka wote."

"Tena ningekushukuru," Somoe akasema, akacheka hadi akajishika mbavu. Kisha akamsogezea kalamu. "Haya, kaka, anza na la kwanza. Na usinitazame usoni kutafuta jibu."

Funzo: Aliyekunyima majibu hajakunyima akili. Kichache ulichokielewa mwenyewe kitakuvusha, kingi ulichokikariri kitakuacha mlangoni.