Fungo wa Kizimba Hachagui

Fungo wa kizimba hachagui.

Methali hii mmeisikia leo asubuhi kwa mara ya kwanza, na niliwaona mkitazamana. Mzee wa posa alipokataa kumsikiliza bibi harusi mpaka baba zake wadogo watoke sebuleni, mkadhani ni ukorofi wa uzee. Haukuwa ukorofi. Aliwatoa wote, akafungua mlango wa uani ili binti aione njia, ndipo akamuuliza kama anamtaka yule kijana. Na mzee aliposema neno lile, hakuna mtu mzima aliyebisha, kwa sababu wanajua lilikozaliwa. Lilizaliwa nyuma ya jiko langu. Kaeni, mwacheni huyo paka, niwaeleze.

Mimi na Kokugonza tuliolewa na ndugu wawili. Babu yenu Byarugaba ndiye aliyekuwa mkubwa, Kalokola ndiye mdogo, na Kokugonza alikuwa mke wa Kalokola. Kibanja chao, yaani shamba pamoja na nyumba, kilikuwa mwisho wa kijiji, pale mibuni na migomba inapoishia na korongo la msitu linapoanza. Na mwisho kabisa wa kibanja kulikuwa na jiwe bapa, pana kama kitanda.

Jiwe lile lilikuwa choo cha fungo. Msicheke. Fungo ni mnyama wa usiku, mkubwa kupita paka, mwenye madoa mwilini na weusi machoni kama aliyejifuta kwa mikono yenye masizi. Hutembea peke yake, na ana adabu ambayo watu wengine hawana: hujisaidia mahali palepale kila siku. Kahawa zinapoiva, huingia mashambani kula zile tamu. Nyama ya tunda husagika tumboni, lakini punje za ndani hutoka nzima. Kwa hiyo asubuhi, juu ya jiwe, ungekuta kinyesi kimejaa punje za kahawa zilizoshikana kama kashata.

Sisi wote tulipita pale tukiziba pua. Kokugonza peke yake alikuwa akizikusanya, maana hakupenda kitu kipotee. Alizipeleka kijitoni kwa kikapu cha matundu, akaziosha maji saba, akazianika kwenye mkeka, akazitwanga polepole kuondoa ganda, akazipeta, kisha akazikaanga kwenye chungu mpaka ziwe rangi ya udongo uliolowa. Watu walimtania.

"Kokugonza, leo unatunywesha mavi ya nani?"

"Ya mwenye adabu kukuzidi wewe."

Lakini waliokinywa kikombe kile waliacha kucheka. Kahawa yake haikuwa na ukali. Ilipita kooni laini, ikabaki mdomoni kama tunda.

Habari zikamfikia Bwana Temu, mnunuzi aliyekuwa akizunguka vijijini na kijiko chake mfukoni. Alikuja, akafyonza kijiko kimoja kwa kelele, kama mtoto anayekunywa uji wa moto, kisha akafumba macho. Alituambia kwamba nchi za mbali watu huinywa kahawa ya namna hii kwenye vikombe vidogo kama vya dawa, na kwamba kilo moja ya Kokugonza ataichukua kwa bei ya gunia zima la kawaida. Tukaguna. Nakumbuka Kalokola alimwuliza kwa nini.

"Nina wachumaji wengi," Temu akasema, "na kila msimu nawapigia kelele wachume zilizoiva tu. Wananisikia mpaka saa nne, jua likiwaka wanachuma chochote. Huyu mnyama hahitaji msimamizi. Ananusa, anaacha. Ananusa, anaacha. Mbuni mzima anachukua tatu."

Babu yenu alikuwepo. Aliyasikia maneno hayo kama nilivyoyasikia mimi. Lakini sikio husikia linachotaka, na yeye alilisikia gunia.

Mwisho wa masika Kalokola akashikwa na homa, siku ya sita tukamzika katikati ya migomba yake. Alimwachia Kokugonza mtoto mmoja, wa kike. Hapo mjue desturi ilivyokuwa. Mjane asiye na mtoto wa kiume, kibanja cha mumewe kiliweza kurudi kwa ndugu za mume, ila sharti mjane akubali kwa kinywa chake mbele ya ukoo. Bila kinywa chake, hakuna anayekigusa.

Babu yenu hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Nasema haya ili msimchukie bure. Matanga yalipokwisha alimwambia Kokugonza, "Shemeji, mwanamke peke yake ukingoni mwa msitu, watu watasema ukoo wetu hauna wanaume. Njoo ukae kwetu." Akampa chumba kizuri, blanketi jipya, na samaki kila Jumamosi. Nyumba ya marehemu akaifunga, na ufunguo akanipa mimi. Nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Kokugonza alipoomba kwenda kwake kupalilia, aliambiwa vibarua wameshapalilia. Alipoomba mara ya pili, aliambiwa asubiri mvua ipungue. Mara ya tatu hakuomba.

Kisha babu yenu akategesha mitego kando ya lile jiwe, akawakamata fungo wanne. Akawajengea vizimba nyuma ya jiko langu kwa miti ya mikaratusi na waya wa kuku. Alisema, kwa nini tumsubiri mnyama apende kuja, wakati tunaweza kumlisha kutwa mara tatu? Kazi ya kuwachumia ilikuwa yangu. Mwanzoni nilichuma mbivu. Kisha akataka karai lijae kabla ya chai, nami nikawa navuta tawi na kulikwanyua lote, mbivu, mbichi na zilizokauka mtini. Fungo walizila. Siku za kwanza walizigomea, wakazunguka tu, wakachimba njia kwenye udongo kwa miguu yao. Baadaye wakazila zote, mpaka karai likang'aa. Manyoya yakaanza kuwapukutika mgongoni.

Kokugonza ndiye aliyepewa kuosha punje, kwa kuwa alijua. Siku moja akasema, "Shemeji, hawa wanakula kwa njaa. Hii haitakuwa ile."

"Kahawa inatengenezwa tumboni," babu yenu akamjibu. "Na matumbo ni yaleyale."

Mavuno yakaisha, mnunuzi akatuma habari kwamba anakuja na mkataba wa miaka mitano. Alitaka kuandikiana na mwenye shamba lenye jiwe la fungo. Basi babu yenu akaita ukoo siku hiyohiyo, ili neno la kibanja liishe asubuhi na mkataba uandikwe mchana.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Mzee Ishebabi. Alikuja na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ninyi mnaijua ile tunayowapa wageni, tunayoichuma ikiwa mbichi, tukaichemsha na majani yenye harufu nzuri, tukaikausha. Kwenye ukoo wetu ilikuwa na kazi nyingine. Anayekubali jambo kubwa huchukua punje kikapuni kwa mkono wake mwenyewe na kuitafuna mbele ya wazee. Akishaimeza, neno limekwisha, hata mvua ya mawe hailirudishi.

Tulikuwa uani, wazee tisa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Bwana Temu alikuwa pembeni, amechemsha maji yake, anasubiri. Mzee Ishebabi akauliza, "Kokugonza, mwanangu. Kibanja cha marehemu kiende kwa Byarugaba, naye akutunze wewe na mtoto. Umekubali?"

"Nimekubali, mzee."

Akanyoosha mkono, akachukua punje, akaiweka mdomoni. Nilimwona akiizungusha kutoka shavu moja hadi jingine. Hakulia. Alikuwa akitazama mlango wa jiko, na mtoto wake alikuwa amekaa pale akimenya ndizi zangu.

Babu yenu akashusha pumzi, akamgeukia mgeni kwa furaha. "Haya, Bwana Temu. Onja mali."

Temu akafyonza kijiko. Akatema. Akasukutua kwa maji, akafyonza tena, akatema tena. Akainusa ile kahawa kavu kiganjani. "Hii si ile," akasema.

"Ni ileile! Fungo ni walewale, nimewatega kwenye jiwe lilelile."

"Wako wapi?"

Tukaenda wote nyuma ya jiko. Fungo watatu walikuwa wakizunguka, wa nne, jike mzee, amelala na kichwa ukutani. Temu akachutama kwenye karai. Akaokota kahawa mbichi, ngumu kama kokoto, akaiinua.

"Nani anawachumia?"

"Mimi," nikasema.

Babu yenu akaona aibu, na aibu ikamtoka kwa ukali. "Kwani kuna aliyewashika taya? Tunaweka, wanakula wenyewe! Karai wanalimaliza, wanalilamba!"

"Wanalimaliza kwa sababu hawana pa kwenda," Temu akasema. Hakupaza sauti. "Bwana, tumbo kila mnyama analo. Mimi nilikuwa nanunua pua yake. Nilikuwa nanunua zile anazoziacha. Huyu hawezi kuacha hata moja, kwa hiyo hajachagua hata moja. Samahani, sitaandika mkataba."

Zilisikika kucha za fungo kwenye udongo. Mzee Ishebabi alikuwa ameegemea fimbo yake, kikapu bado kiko kwapani. Alimtazama fungo kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akageuka taratibu, akamtazama Kokugonza.

"Mwanangu. Umeshaimeza?"

Kokugonza akatikisa kichwa.

"Iteme."

"Mzee!" Babu yenu akaruka. "Amekubali mbele yenu! Ameichukua kwa mkono wake, mmemwona!"

"Nimemwona. Na huyu naye anakula kwa mdomo wake." Akamwonyesha fungo kwa fimbo. Kisha akamuuliza Kokugonza, "Leo umeamkia wapi?"

"Hapa kwa shemeji."

"Umekula cha nani?"

"Cha shemeji."

"Ungesema hapana, wewe na mtoto mngelala wapi?"

Kokugonza akageuka kumtafuta mtoto wake kwa macho.

"Ufunguo wa nyumba yako uko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua moyo wa yule mwanamke. Alijua uko wapi. Kwa miezi saba aliuona ukigongagonga kwenye goti langu nikisonga ugali. Lakini hakunitazama, aliinamisha macho ili asinitaje. Kutotajwa kule kuliniuma kuliko kutajwa. Nikalishika pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekazana kwa kukaa siku nyingi, nikalifungua kwa meno, mbele ya wazee, mbele ya mume wangu. Nikampa.

Akaitema ile punje kwenye kiganja, akaufumbata ufunguo kwa mkono wa pili.

Mzee Ishebabi akasema, "Fungo wa kizimba hachagui. Nami nimeshika kikapu hiki miaka mingi, sijawahi kuuliza anayetafuna ametokea mlango wa nani." Akaamuru vizimba vifunguliwe. Akaamuru Kokugonza aende kwake, awashe moto wake, apike chake kwa siku tisa, na siku ya kumi ukoo umfuate, usimame nje, umuulize akiwa kwenye kizingiti chake.

Siku ya kumi tulikwenda. Umande haujakauka, moshi unatoka kwenye nyumba ya Kalokola. Kokugonza akatoka, na mtoto nyuma yake. Mzee akamnyooshea kikapu, akauliza maneno yaleyale, hakuongeza wala kupunguza. Kokugonza akakipokea, akakiweka chini kwenye kizingiti bila kuchukua hata punje.

"Sikubali," akasema.

"Tumesikia," wazee wakajibu, na tukageuka kurudi. Babu yenu alitembea nyuma yetu wote. Jioni ile alivibomoa vizimba kwa mikono yake, ile miti akaichomeka shambani maharage yapande juu yake. Hakulisema jambo lile tena mpaka alipokufa, lakini kila msimu alimpelekea Kokugonza mkungu wa kwanza, akauacha uani bila kubisha hodi.

Mnaniuliza kuhusu fungo. Watatu waliondoka siku ileile vizimba vilipofunguliwa, hawakugeuka nyuma. Yule jike mzee hakutoka. Mlango ulikuwa wazi, waya umetolewa, naye akabaki amelala palepale, akinyoosha shingo kula zile mbichi zilizosalia kwenye karai. Siku ya tatu nikamkuta amekufa. Mimi ndiye niliyemzika.

Na jiwe likakaa tupu. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana Temu hakurudi. Kokugonza aliuza kahawa ya kawaida kama sisi, ila alichuma mwenyewe, moja moja, akiacha mbichi mtini hata kama mvua inakuja. Msimu wa nne aliniita asubuhi, nikadhani kuna mgonjwa. Akanishika mkono mpaka mwisho wa kibanja. Juu ya jiwe kulikuwa na kinyesi kibichi, kimejaa punje. Tukasimama pale sisi wawili. Nilikuwa na kikapu mkononi, lakini hakuniomba, nami sikumpa. Tukaiacha kahawa ile palepale juu ya jiwe.

Basi, wajukuu wangu, mtu akiwaambia "amekubali mwenyewe, kwa kinywa chake," msianze kupiga vigelegele. Ulizeni kwanza ufunguo uko kwa nani. Siku ile ulikuwa kwangu.

Fungo wa kizimba hachagui.