Kiti cha Halake

Mwenye kiu na anywe sasa, maana nikishaanza mtaona haya kuinua kikombe.

Katika nchi moja ya mchanga, ambayo mpaka wake ulihama kila vikosi vilipopigana, walikuwako wanaume watatu. Mzee Elema alijua kuisoma ardhi: pasipopita mbuzi, naye hapiti. Galgalo alikuwa na sikio. Akililaza mchangani, husikia gari kabla vumbi lake halijaonekana. Isako, mtani wa wote, aliweza kuvumilia kiu. Mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa ukame, mama yake akamnyonyesha ahadi.

Gari walilopanda pamoja na mwanamke aitwaye Darmi na mumewe, Halake, liliharibika katikati ya jangwa. Nyuma yao vijiji vilikuwa vinachomwa. Mbele, mwendo wa siku tatu kwa miguu, palikuwa na kisima ambako lori lingewachukua wenye ruhusa ya kuvuka mpaka. Binti wa Darmi alikuwa ng'ambo kwa bibi yake, akimngoja.

Siku ya kwanza Halake alitangulia.

"Tufuate alama za magurudumu," alisema. "Njia hii niliipita mwaka jana."

"Mvua imenyesha tangu hapo, mwanangu," Elema akamwonya. "Mafuriko huhamisha mabomu yaliyofukiwa."

"Mzee, wewe utaogopa hata kivuli chako!"

Akacheka, na bomu halikumwacha amalize kucheka. Darmi alitaka kumkimbilia, mzee akamkamata kwa nguvu ambazo hakumdhania. Tangu hapo Elema akaenda mbele, na Darmi akawa anakanyaga palepale alipokanyaga yeye, machozi yakimzuia kuona vizuri.

Siku ya pili Galgalo aliinua sikio kutoka mchangani, uso umesawijika.

"Korongoni! Haraka!"

"Mimi sisikii kitu," Darmi akabisha. Alikuwa amechoka, na kufa hakukumtisha tena.

Galgalo akamburuta kwa nguvu, akamlalia, akamziba mdomo. Baadaye magari ya wenye bunduki yakapita karibu sana, hata Darmi akanusa tumbaku yao.

Siku ya tatu kiriba kilibaki na mafunda machache. Kila zamu Isako alikipokea, akakiinua kama anayekunywa, akampa Darmi. Walipokiona kisima ndipo Darmi alipogundua kwamba mtu huyu hakuwa amemeza hata tone tangu jana. Ulimi ulikuwa umemvimba, na utani wote ulikuwa umekwisha.

Lori lilikuwa tayari. Dereva aliposikia kwamba Halake amekufa, akatazama orodha yake.

"Dada, hapa nina majina mawili tu yaliyobaki, Halake na Darmi. Mpakani wanahesabu vichwa. Kikizidi kimoja tu, tunarudishwa sote. Atakayepanda nawe ndiye Halake. Mshike mkono useme ni mume wako."

Galgalo alikuwa amelaza sikio chini.

"Magari manne," alisema. "Yanakuja huku."

Darmi akamtazama mzee.

"Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi," Elema akasema. "Lakini sikudanganyi, mwanangu. Kufa sitaki."

"Nina watoto watatu," akasema Galgalo. "Nisingesikia jana, nawe usingekuwa hapa leo kuchagua."

Isako hakuweza kusema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima, akimimina maji kidogo kidogo juu ya midomo yake.

Darmi aliwaza kubaki yeye. Lakini angebaki, binti yake angemngoja mpaka azeeke. Aliona uchungu kuliko siku ya kwanza, na akatamani bomu lile lingemkuta yeye. Wanaume watatu walikuwa wamempa uhai, na sasa alitakiwa kuwatupa wawili. Dereva akawasha lori. Darmi akanyoosha mkono.

Hadithi hii nilipewa na yule aliyeshikwa mkono huo. Simtaji. Ng'ambo huko wote wanamwita Halake, naye huitika. Wawili waliobaki kisimani hawakuonekana tena. Nilipomuuliza kama alistahili, aliinuka akaenda zake bila kuniaga.

Basi semeni ninyi, mlio na maji vikombeni: mkono ule ungekuwa wako, ungemshika nani?